Nguzo za Mlangoni na Kaunta ya Nne

Jumatano asubuhi Macharia, meneja wa tawi, alimwita Nakhumicha ofisini akamwekea karatasi mbili mezani. Moja ilikuwa hesabu ya mara ambazo king'ora cha mlangoni kililia kila siku tangu Januari. Nyingine ilikuwa ratiba ya zamu za makeshia. Macharia alikuwa ameipitia kwa kalamu ya manjano, na kila siku ambayo king'ora kililia sana, hasa Alhamisi na Ijumaa, manjano ilikuwa juu ya jina moja: Maximilla, kaunta ya nne.

"Sasa angalia Jumamosi," alisema Macharia. "Jumamosi yote, kimya. Na Jumamosi huyu mama huwa wapi?"

"Kanisani. Ni Msabato."

"Ehe."

Aliitamka hiyo "ehe" kama mtu aliyekwisha kufunga faili. Nakhumicha alizitazama zile karatasi mara ya pili. Ulikuwa mwaka wake wa nne akisimamia kompyuta za supamaketi hiyo ya Eldoret. Bei, stoki na mashine za malipo zilikuwa mikononi mwake, na alijua kwamba mambo mawili kutokea siku moja hakumaanishi kwamba moja limezaa jingine. Alhamisi na Ijumaa ndizo pia siku ambazo lori la mikate huchelewa, na hakuna aliyekuwa amemshtaki dereva.

"Bosi, hii inaonyesha alikuwa kazini. Haionyeshi aliiba."

"Pakiti mia nne na kumi na mbili za nywele zimepotea kwa miezi tatu. Zimeenda wapi? Zimetembea?"

Nywele hizo zilikuwa za kusuka, zile za pakiti zinazopangwa rafuni kwa nambari za rangi: nambari moja nyeusi ti, nambari nne ya kahawia, thelathini na tatu ya wekundu uliokolea. Kwa kuwa pakiti ni nyepesi na hufichika kwapani, kila moja hubandikwa kibandiko cha king'ora. Keshia akiiuza, huipitisha juu ya pedi nyeusi iliyo kando ya skana, na kibandiko hufa. Pakiti ikitoka na kibandiko kilicho hai, nguzo mbili za mlangoni hupiga kelele hadi ng'ambo ya barabara.

Macharia alikuwa amejijengea maelezo yake. Maximilla, alisema, alikuwa anauza pakiti moja kwa mtu anayemjua na kumwachia nyingine thelathini zipite bure. Nguzo zinalia, askari anaangalia risiti, anaona imeandikwa nywele, anamwachilia. Kikao kingekuwa Ijumaa saa sita mchana. Akipatikana na hatia, angefukuzwa kazi siku hiyo hiyo na faili ingepelekwa polisi.

"Nipe mpaka Ijumaa," alisema Nakhumicha. "Niunganishe rekodi za nguzo na za kaunta. Kila mara kililia, tuone nani alikuwa ametoka kuuza nini."

"Si ulisema hizo sistem haziongei?"

"Haziongei kwa sababu nimeandika barua tatu nikiomba ziunganishwe, na sijajibiwa hata moja."

"Naku, usinianze asubuhi." Macharia alizikusanya karatasi zake. "Fanya unachofanya. Lakini hedi ofisi nimeshawaambia tuna mwizi, na wanangoja jina."

Nakhumicha alimpigia simu Lenny, fundi wa kampuni iliyozifunga nguzo, huko Nairobi. Alimweleza anachotaka kwa sentensi mbili.

"Iko, madam," alisema Lenny kwa uchangamfu. "Rekodi zote ziko ndani ya nguzo. Lakini kuzitoa kwenda kwa kompyuta unahitaji leseni."

"Leseni ya kusoma data yetu wenyewe?"

"Data ni yenu. Njia ya kuitoa ndiyo yetu."

"Tukilipia leo, inachukua siku ngapi?"

"Kama wiki mbili hivi. Tatu, kukiwa na foleni."

"Kikao ni kesho kutwa."

"Ah, hiyo pole sana. Kuna kitu ingine naweza kukusaidia nayo?"

Kamera nazo zilikuwa za kampuni ya tatu. Zilihifadhi picha kwa siku kumi na nne tu, na ile ya mlangoni ilikuwa imegeuzwa tangu Februari itazame ndizi, kwa kuwa Macharia alikuwa amechoka na wateja wanaokula ndizi dukani na kuacha maganda kati ya vitabu vya shule. Mifumo mitatu, kampuni tatu, na hakuna mmoja uliokuwa na habari kwamba mingine ipo.

Ilibaki njia moja. Chini ya nguzo ya kushoto, nyuma ya kifuniko cha skrubu mbili, palikuwa na kioo kidogo kinachoonyesha rekodi tano kwa mara moja: tarehe, saa, basi. Nakhumicha alichukua kibao cha kukalia, daftari na koti zito, akaketi mlangoni. Rekodi zilikuwa mia mbili sitini na nane. Upepo wa mvua uliingia kwa kila mteja aliyefungua mlango, na kila mteja alimruka au alimkanyaga.

Mzee Wepukhulu, askari wa mlango, alimwangalia kwa muda mrefu kabla ya kuuliza.

"Binti yangu, umeangusha hereni?"

"Naandika saa za king'ora, Mzee."

"Ungeniuliza mimi. Hiyo kitu inalia kila saa. Hata kuku akipita italia."

"Si unaandika kwa kitabu?"

"Januari nilikuwa naandika. Halafu nikaona mkono unaisha." Alicheka, akampisha mwanamke mwenye mkokoteni wa unga. "Siku hizi naangalia risiti tu. Nywele ikiwa kwa risiti, nafungulia mtu aende."

"Unazihesabu?"

"Nihesabu nywele thelathini na mvua inanyesha hivi? Wale wamama wa saluni watanimeza na kofia yangu."

Nakhumicha aliandika na hilo pia.

Saa tisa Maximilla alitoka kwa mapumziko. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mwenye mikono ya haraka. Wateja walipenda foleni yake kwa sababu ilisogea. Nyumbani kwake kulikuwa Yamumbi, na kwa miaka minne alikuwa akila chakula cha mchana meza moja na Nakhumicha. Alisimama mbele ya daftari.

"Na wewe umeingia kwa hii kesi?"

"Naangalia data, Mama Phineas."

"Na data imesema nini?"

"Bado."

"Wewe mwenyewe unasema nini?"

Nakhumicha alijua jibu lililotakiwa. Halikuwa mkononi mwake. "Siwezi kusema kitu kabla sijaona."

Maximilla alitikisa kichwa. "Wiki tatu, kila jioni, wananimwagia begi hapa kwa hii benchi watu wakiona. Jana walitoa Biblia wakaikung'uta. Labda walidhani rangi nambari nne iko kwa Zaburi." Mzee Wepukhulu, ambaye ndiye aliyekuwa ameagizwa kuikung'uta, aligeukia barabara. "Sawa, andika. Ukiona, uniambie. Mimi pia ningependa kujua kama niliiba."

Alhamisi asubuhi Nakhumicha alikuwa ameshaingiza rekodi zote kwenye kompyuta, akaziweka kando ya mauzo ya nywele ya kaunta zote sita. Alitafuta kila mlio uliofuata mauzo ndani ya dakika tatu, muda ambao mtu hutumia kufunga mfuko na kufika mlangoni. Alitarajia kuona kaunta moja ikijitokeza, au zote kwa usawa. Kilichotoka hakikuwa na maana yoyote. Ni milio tisa tu iliyofuata mauzo ya nywele. Iliyobaki ilitokea wakati ambapo hakuna mtu aliyekuwa amenunua hata pakiti moja.

Alirudia. Tisa. Alidhani amekosea kuandika, akalinganisha kurasa ishirini na tatu za daftari na kompyuta, mstari kwa mstari. Alipata makosa mawili, akayarekebisha. Tisa bado. Macharia alichungulia mlangoni akauliza kama ameshapata jina, na Nakhumicha akamwambia kwamba kwa sasa amepata mizimu inayotoka dukani na nywele. Macharia hakucheka.

Ilimchukua nusu saa kuuliza swali ambalo angepaswa kuliuliza Jumatano. Alishuka akampa Mzee Wepukhulu pakiti yenye kibandiko hai, yeye akasimama kando ya kaunta ya kwanza akiitazama saa ya mashine.

"Pita, Mzee!"

Nguzo zililia. Mashine ya malipo ilionyesha saa tatu na dakika arobaini na mbili. Nakhumicha alikimbia mlangoni, akapiga magoti. Kioo cha nguzo kilikuwa kimeandika saa tatu na dakika hamsini na tatu.

Dakika kumi na moja. Hakuna aliyewahi kuiweka sawa saa ya nguzo. Hapakuwa na aliyeambiwa kwamba ina saa. Nakhumicha aliomba kitabu cha Mzee cha Januari, cha siku alizokuwa bado anaandika, na tofauti ilikuwa ile ile kasoro dakika moja hapa na pale. Alizirudisha rekodi zote nyuma dakika kumi na moja, akabonyeza tena.

Milio mia moja sabini na moja ilikuwa imefuata mauzo ya nywele ya kaunta ya nne.

Aliitazama namba hiyo hadi chai yake ikapoa. Macharia alikuwa amepaka manjano kwa kubahatisha, na kubahatisha kwake kulikuwa sawa. Kama angeichapisha karatasi hiyo wakati huo, Maximilla angekuwa nje kabla ya saa saba Ijumaa, na karatasi ingekuwa na jina la Nakhumicha chini.

Hakuichapisha. Alifungua mauzo yenyewe, risiti moja baada ya nyingine. Kwenye risiti mia moja hamsini na nane kati ya hizo, mstari wa nywele haukuwa wa pakiti moja. Ulikuwa umezidishwa: rangi nambari moja, mara kumi na mbili, rangi nambari moja, mara ishirini na nne, rangi nambari moja, mara thelathini na sita.

Rangi nambari moja kila mara. Nakhumicha hakuwa msusi, lakini alikuwa na kichwa chenye nywele, na alijua kwamba hakuna saluni Uasin Gishu inayosuka rangi moja tu.

Alishuka akasimama nyuma ya rafu ya sabuni, mahali anapoweza kuona kaunta ya nne. Alhamisi na Ijumaa wenye saluni huja kununua za wikendi, na wote walikuwa wamejipanga kwa Maximilla, kaunta nyingine zikiwa na mtu mmoja mmoja. Mwanamke kutoka Soy alimwaga rundo kwenye kaunta. Zilikuwa pakiti ishirini na nne: nyeusi nyingi juu, kahawia na nyekundu chache chini. Maximilla alichukua ya juu, akaipitisha kwa skana na pedi, akabonyeza kitufe cha kuzidisha, akaandika ishirini na nne, akabonyeza tarakimu nyingine chache, na kwa mkono mmoja akazisukuma zote ishirini na tatu zilizobaki moja kwa moja mfukoni. Bei ilikuwa moja kwa rangi zote, kwa hiyo mteja alilipa sawasawa. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

Nguzo zililia. Mzee Wepukhulu aliangalia risiti, akafungulia mtu.

Nakhumicha alirudi juu akiruka ngazi mbili mbili. Vibandiko ishirini na vitatu vilikuwa vimetoka hai kwa sababu havikuguswa na pedi. Na kompyuta ya stoki ilikuwa imepunguza pakiti ishirini na nne nyeusi, ingawa rundo lilikuwa na nyeusi ishirini na moja au ishirini na mbili. Kwa kompyuta, za kahawia na nyekundu zilikuwa bado dukani. Watu wa kuhesabu stoki walipofika rafuni hawakuzikuta, wakaandika zimepotea.

Basi nyeusi zinapaswa kuwa zimezidi. Alifungua ripoti ya stoki. Hapakuwa na ziada yoyote. Alitafuta juu, chini, kwenye ukurasa wa pili. Mwishowe aliona, kwenye kona ya ripoti, kisanduku kidogo kilichotiwa alama na hedi ofisi miaka mingi kabla yake: *Onyesha upungufu tu*. Ziada haikuwahi kumnyima mkubwa yeyote usingizi, kwa hiyo hakuna aliyetaka kuiona. Nakhumicha aliiondoa alama.

Rangi nambari moja: ziada ya pakiti mia tatu tisini na saba.

Mia nne na kumi na mbili zilizopotea, toa mia tatu tisini na saba zilizozidi. Kumi na tano. Kwa miezi mitatu, kwa duka la ukubwa ule, pakiti kumi na tano. Alijiruhusu kuegemea kiti.

Kisha alianza kuandaa jedwali la kikao, na alipofika safu ya mwisho akasimama. Kwa kanuni za duka, keshia haruhusiwi kuzidisha zaidi ya sita bila msimamizi kuweka nambari yake ya idhini. Mashine huandika ni nani aliyeidhinisha. Risiti zote mia moja hamsini na nane zilikuwa zimeidhinishwa na mtu mmoja, naye alikuwa Nakhumicha.

Alikumbuka vizuri. Tarehe ishirini na tatu Desemba, foleni imefika kwenye mikate, msimamizi wa zamu hayupo, watu wanatukana. Alikuwa amemnong'oneza Maximilla nambari yake, ya siku hiyo tu. Alipanga kuibadilisha Januari. Januari kulikuwa na bei mpya za vitabu vya shule, na Februari kulikuwa na jambo jingine. Alifungua kaunta nyingine kuona. Zote sita zilikuwa zinaitumia. Tofauti ilikuwa tu kwamba wenye saluni hawakwenda kwa wengine.

Safu hiyo ingeweza kuachwa. Macharia hakuwa anajua kwamba ipo, na jedwali lingethibitisha kila kitu bila hiyo: hakuna wizi, kuna kuzidisha. Nakhumicha alilifikiria jambo hilo kama alivyofikiria mambo mengine, hatua kwa hatua. Bila safu ya idhini, Maximilla alikuwa keshia aliyevunja kanuni mara mia moja hamsini na nane kwa hiari yake mwenyewe. Hilo lilitosha kumfukuza. Angetoka bila kuitwa mwizi, lakini angetoka.

Alichapisha safu zote.

Ijumaa saa sita walikuwa wanne ofisini: Macharia, Maximilla, Nakhumicha, na Wabuge wa bucha, mjumbe wa wafanyakazi, aliyekuja na aproni yake. Nakhumicha alieleza kwa dakika kumi na mbili. Alionyesha tofauti ya saa, kisha kuzidisha, kisha rangi, kisha ziada. Macharia alifuata kwa kidole, na kadiri kidole kilivyoshuka ndivyo uso wake ulivyozidi kukunjamana.

"Kwa hiyo unaniambia hakuna mwizi."

"Hakuna kwa kaunta ya nne. Kuna pakiti kumi na tano sijui zilipo."

"Kumi na tano si ni wizi?"

"Inaweza kuwa wizi, inaweza kuwa panya, inaweza kuwa mtu alihesabu vibaya. Hakuna kinachoziunganisha na Maximilla."

"Naku, nimewaambia hedi ofisi kuna mwizi. Sasa niwaambie ni nini? Kisanduku?"

"Ndiyo. Kisanduku, na saa."

Wabuge alikohoa kuficha kicheko. Macharia aligeuza ukurasa, akafika safu ya mwisho.

"Na hii? Aliyeidhinisha zote hizi ni nani?"

"Ni mimi. Nilitoa nambari yangu Desemba, sikuibadilisha."

Maximilla, aliyekuwa amekaa mikono mapajani tangu mwanzo, alimgeukia Nakhumicha kwa mara ya kwanza, akamtazama, kisha akarudisha macho kwa Macharia.

Macharia alipumua kama mtu aliyepata angalau kitu cha kuandika. Tuhuma ya wizi imefungwa, alisema. Maximilla atapewa barua ya onyo kwa kuzidisha. Nakhumicha atapewa barua ya onyo kwa nambari. Kuanzia leo kila pakiti ipitishwe moja moja, na hilo liandikwe.

"Na mfumo?" aliuliza Nakhumicha. "Ukiunganishwa, king'ora kikilia, mashine yenyewe inaonyesha risiti gani na pakiti ngapi. Hatungekaa hapa."

"Andika barua."

"Hii itakuwa ya nne."

"Basi andika ya nne."

Maximilla alisimama. "Mimi niko na swali moja. Begi yangu mlikuwa mnaifungulia kule chini, mbele ya wateja. Kuambiwa sikuiba, ninaambiwa hapa juu na mlango umefungwa?"

"Tutaweka memo kwa bodi," alisema Macharia.

"Wateja hawasomi hiyo bodi."

"Mama Phineas, hebu shukuru. Asubuhi ulikuwa unaenda polisi."

Maximilla alichukua barua yake, akaikunja mara mbili, akashuka.

Saa nane unusu Nakhumicha alisikia kelele kutoka chini. Foleni ya kaunta ya nne ilikuwa imepita sabuni, ikapita mafuta ya kupikia, ikakunja kona ya mikate. Mbele kabisa alikuwa Seline, mwenye saluni mbili Burnt Forest, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha soko. Kwenye kaunta palikuwa na pakiti thelathini na sita. Maximilla alichukua moja, akaipitisha kwa skana, akaipitisha kwa pedi, akaiweka mfukoni, akanyoosha mkono kuchukua nyingine.

"Kumi na moja," alisema.

"Maxi, leo wamekuloga?" aliuliza Seline. "Si ubonyeze ile kitu yako! Niko na bibi harusi ananingoja na kichwa nusu."

"Kumi na mbili."

Macharia alikuwa ameshuka pia. Alisukuma watu hadi kaunta, akainama. "Maximilla, kwa leo tu, zidisha. Foleni imefika kwa mikate."

"Niandikie."

"Nikuandikie nini?"

"Kwamba umesema nizidishe. Uweke sahihi na tarehe." Alimsukumia karatasi ya risiti na kalamu. "Kumi na tatu."

Macharia aliitazama kalamu. Hakuigusa.

"Lakini kwa nini?" Seline aliwageukia watu wa nyuma akitafuta shahidi. "Miaka yote ananizidishia, leo ananihesabia kama mayai!"

"Kwa sababu walisema mimi ni mwizi," alisema Maximilla, kwa sauti ile ile ya kuhesabu, ila ilifika mbali. "Wiki tatu wananikung'uta begi hapo mlangoni, na wewe uliona. Leo imeonekana sikuiba. Kumi na nne."

Watu walimtazama Macharia, naye akautazama mlango. Seline alimwona Nakhumicha amesimama chini ya ngazi.

"Wewe madam wa kompyuta. Ni kweli?"

Nakhumicha alihisi zile pakiti kumi na tano zikimjia mdomoni. Zilikuwa kweli, na hazikuwa jibu la swali aliloulizwa.

"Ni kweli," alisema. Aliona haikutosha, akapandisha sauti hadi mikate ikasikia. "Maximilla hakuiba kitu. Saa ya nguzo ilikuwa mbaya, ripoti ya stoki ilikuwa inaficha nusu, na nambari ya kuzidisha ilikuwa yangu. Nimeangalia risiti zote."

Mzee Wepukhulu alivua kofia, akaishika, akaivaa tena. Maximilla hakuinua kichwa. Mkono wake ulisimama juu ya pedi kidogo, kisha ukaendelea.

"Kumi na tano," alisema.

Seline alimtazama Nakhumicha toka kichwa hadi viatu. "Nambari ni yako?"

"Ndiyo."

"Basi si ukuje uiweke, jameni, twende nyumbani!"

Foleni nzima ikaitikia. Mtu wa nyuma alipiga mkokoteni kwa kiganja. Nakhumicha alisema kwamba nambari hiyo imefutwa tangu saa sita, na kwamba suluhisho lipo, ni la kuunganisha mifumo miwili tu, ameshaliandikia barua, lakini kwa zile kelele hakuna aliyemsikia isipokuwa Macharia, na Macharia alikuwa tayari anapanda ngazi.

"Kumi na sita," alisema Maximilla.